Mtetezi wa elimu hapa Malindi: mapitio ya mzazi baada ya mwaka mmoja na miezi miwili

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili sasa nimekuwa nikihudumiwa na mama mmoja hapa Malindi ambaye kazi yake ni kusimama na wazazi wa watoto wenye ulemavu wanapowatafutia watoto wao nafasi shuleni, na kuendelea kusimama nao baada ya nafasi kupatikana. Hujiita mtetezi wa elimu. Ni mwalimu mstaafu wa elimu maalumu, ana chumba kimoja cha ofisi kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo lililo karibu na soko, na sisi tunaokwenda kwake twamwita Mwalimu tu. Ameniomba nisiliandike jina lake kwa kuwa wanaomjia tayari ni wengi kuliko anaoweza kuwahudumia. Nimeamua kuandika kwa urefu kwa sababu kabla sijamjua nilitafuta sana maelezo ya huduma ya namna hii, nisipate hata ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza mtu kama huyo hufanya nini hasa, hulipwa kiasi gani na mipaka yake ni ipi.

Nianze na hali niliyokuwa nayo. Mwanangu wa pili alizaliwa hakulia mara moja, na kabla hajatimiza mwaka madaktari walitueleza kuwa ana mtindio wa ubongo. Leo ana miaka tisa. Miguu yake ni mizito, mkono wa kulia hukakamaa na maneno humtoka polepole, lakini anaelewa kila anachoambiwa, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama cha nyanya yake, na anaweza kukutajia bei ya kila kitu kilichoko katika duka la jirani. Alipofika umri wa kuanza shule nilimpeleka katika shule moja ya umma iliyo karibu na nyumbani. Mwaka wa kwanza niliambiwa, "Mama, mlete mwakani akishakomaa kidogo." Mwaka wa pili niliambiwa darasa limejaa. Mwaka wa tatu nilielekezwa shule nyingine, na huko nikaulizwa kwa nini nisimtafutie bweni la watoto wa aina yake. Hakuna aliyenifokea, na kila mara nilikaribishwa kiti. Nilitoka mikono mitupu huku nikishukuru.

Mimi ni karani katika duka la jumla. Kazini kwangu hata katoni moja ya sabuni haitoki ghalani bila karatasi yenye sahihi mbili, na mzigo ukirudishwa lazima anayeurudisha aandike sababu. Mtoto wangu alirudishwa mara tatu na hakuna aliyeandika neno. Mwalimu ndiye aliyenionyesha jambo hilo siku ya kwanza, kabla hata sijamaliza kueleza. Aliuliza, "Ulipewa barua?" Nikasema sikupewa. Akauliza, "Wewe je, uliandika?" Nikasema sikuandika. Akaweka kalamu chini, akasema kwamba basi kwa upande wa serikali mtoto huyu hajawahi kukataliwa na shule yoyote, na kinachoonekana ni kuwa mimi mama yake ndiye niliyekaa naye nyumbani, ilhali Kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinamwajibisha mzazi kuhakikisha mtoto wake anasoma. Nilikasirika. Nilirudi nyumbani nikalala na hasira hiyo, na asubuhi nikaona kwamba alisema kweli.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nililijua hilo kwa upande wa sabuni na unga. Nilikwenda kwa Mwalimu nikitafuta mtu wa kunisemea, mwenye sauti nzito kuliko yangu. Kazi aliyonifanyia, na ndiyo ninayoisifu hapa, ilikuwa kuyachukua maneno ya mdomo, yangu na ya shule, na kuyatia kwenye karatasi yenye tarehe.

Alinianza mimi. Alitaka kurasa mbili kuhusu mtoto: anayoyafanya mwenyewe, anayoyafanya akisaidiwa, na yale ambayo bado. Nilirudi na kurasa mbili zilizojaa asiyoyaweza, kwa sababu kwa karibu miaka minane hayo ndiyo niliyokuwa nikiulizwa kliniki. Alizisoma zote, akanirudishia, akasema, "Mama, hapa umeniandikia maradhi. Niandikie mtoto." Mara ya pili nilikaa na mume wangu na nyanya yake mtoto, tukamtazama wiki nzima, tukaandika kwamba anakunywa kwa kikombe chenye vishikio viwili bila kumwaga, kwamba anahesabu hadi arubaini kwa vifuniko vya chupa, na kwamba anaweza kukaa wima dakika ishirini na tano ikiwa miguu yake inagusa chini, na akichoka huegemea kushoto. Hilo la miguu kugusa chini lilikuja kutufaa kuliko barua yoyote ya daktari.

Baadaye tulikwenda kwenye tathmini. Kenya ina vituo vya tathmini na nyenzo za elimu tangu mwaka 1984, vilivyoanzishwa kwa msaada wa Denmark, na wengi huvijua kwa kifupi cha EARC. Maafisa wake ni walimu waliosomea elimu maalumu. Humpima mtoto anavyoona, anavyosikia, anavyotumia viungo na anavyojifunza, kisha hupendekeza asomee wapi: darasa la kawaida, kitengo maalumu kilichomo ndani ya shule ya kawaida, shule maalumu, au nyumbani akifuatwa na mwalimu. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo na ripoti za hospitali nikidhani ndizo hizo. Sizo. Ya hospitali inaeleza ubongo ulipatwa na nini, na ya tathmini inamweleza mwalimu afanye nini. Ninawaomba wazazi wenzangu walishike hili, maana nimewaona wengi wakiingia ofisi ya mwalimu mkuu na bahasha nene ya picha za kichwa ambazo hakuna pale anayeweza kuzisoma.

Siku ya tathmini Mwalimu alikaa nasi bila kumjibia mtoto hata swali moja, na mimi nilipofungua mdomo kumjibia alinigusa goti. Ripoti ilipotoka tuliisoma pamoja ofisini kwake, mstari kwa mstari, mume wangu akiwapo. Alipigia mstari mahali pawili tu: palipoandikwa kwamba asome darasa la kawaida, na palipoandikwa kwamba apewe kiti kilichorekebishwa.

Sheria anaijua, ingawa si wakili, na hulisema hilo mapema kabisa. Mezani ana nakala ya Katiba ya mwaka 2010, ile ndogo ya mfukoni, yenye vipande vya karatasi vilivyobandikwa kwenye kurasa tatu. Kimoja kiko kwenye Ibara ya 53, inayompa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Kingine kiko kwenye Ibara ya 54, inayosema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kuzifikia taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii kwa kadiri inavyolingana na maslahi yake. Cha tatu, kilichochakaa kuliko vyote, kiko kwenye Ibara ya 47, ambayo wazazi wengi hawajawahi kuisikia kwa kuwa haitaji watoto wala shule: hatua ya kiutawala ikiathiri haki ya mtu, mtu huyo ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Juu ya hizo kuna Kifungu cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kinachokataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi kwa sababu ya ulemavu. Kuna sera ya mwaka 2018 ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu. Na kuna sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003.

Wapo watu wanaozijua ibara hizi na kuzitumia kama fimbo. Yeye huzitumia kwa kipimo cha chumvi. Barua aliyonisaidia kuandika ilikuwa ya nusu ukurasa na ilikuwa na sahihi yangu, wala si yake. Ilieleza mtoto ni nani, ana umri gani, anaishi umbali gani na shule, tathmini imependekeza nini, na sisi tunaomba nini. Ibara zote zilitajwa katika sentensi moja. Sentensi ya mwisho iliomba, kwa heshima, kwamba endapo shule haitaweza kumpokea tuandikiwe sababu kabla ya tarehe fulani. Tulipeleka nakala mbili, na aliniagiza nisiondoke mpaka ya kwangu ipigwe muhuri wa kupokelewa. Karani wa shule aliugeuza-geuza ule muhuri kama dakika nzima. Kisha akaupiga. Siku nne baadaye nilipigiwa simu niende kwenye kikao, katika shule ile ile iliyokuwa imeniambia nimlete mwakani.

Kikao kile nitakieleza kwa kirefu, kwa kuwa mtu anayelipia huduma hii hasa analipia saa ile moja. Tulikuwa watu wazima watano: mwalimu mkuu, naibu wake, mjumbe mmoja wa bodi ya shule, Mwalimu na mimi. Mume wangu alikuwa baharini. Mwanangu naye tulimchukua, kwa shauri la Mwalimu, akakaa mapajani mwangu akimtazama kasa wa mbao aliyewekwa juu ya meza kuzuia karatasi zisipeperuke. Mwalimu mkuu alizungumza kwa upole. Alisema madarasa yana watoto wanaozidi hamsini, vyoo viko mbali, madarasa ya wadogo yako juu ya ngazi, na hana mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Yote yalikuwa kweli. Nilikuwa nimeshayasikia, na kila nilipoyasikia nilikuwa naondoka.

Mwalimu hakubishana na hata moja. Aliyaandika yote manne, akayasoma ili mwenyewe athibitishe kwamba yameandikwa sawasawa, kisha akauliza swali ambalo mimi mwenyewe nimelitumia mara mbili tangu siku hiyo: "Sawa, Mwalimu mkuu. Tuseme ni Jumatatu, saa mbili asubuhi, na mtoto huyu ameshafika langoni. Atakaa wapi?" Kimya kilipita. Naibu ndiye aliyejibu. Alisema gredi ya kwanza iko juu kweli, lakini kuna chumba cha karibu na lango kinachotumiwa na gredi ya tatu. Mwalimu akauliza kama watoto wa gredi ya tatu wanaweza kupanda ngazi. Naibu akatabasamu, akasema wanaweza. Madarasa mawili yakabadilishana vyumba, na haikugharimu hata shilingi.

Kisha Mwalimu aliomba aitwe mwalimu wa gredi ya kwanza, akisema si vizuri kumpangia mtu kazi naye hayupo. Aliingia mwalimu kijana, vumbi la chaki mikononi, akasimama mlangoni kama aliyeitwa kwa kosa. Alimtazama mwanangu, akamwuliza jina lake. Mwanangu alichukua muda. Nilihisi mdomo wangu unafunguka, nikakumbuka lile goti, nikaufunga. Mwalimu yule alisubiri, na jina likatoka. Akasema, "Huyu anaongea. Mimi niliambiwa haongei." Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena kama atapokelewa, maswali yakawa ya kiti, ya choo na ya saa ya kurudi nyumbani.

Kabla hatujaondoka Mwalimu alisoma kwa sauti yote yaliyokubaliwa, akawaomba waliokuwapo watie sahihi. Mjumbe wa bodi alisita, akasema wao wameshaahidi, na ahadi ni deni. Mwalimu akamjibu, "Ndiyo, baba, na deni huandikwa." Akatia sahihi. Karatasi hiyo ninayo, imekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha kliniki cha mtoto.

Mwanangu alianza muhula wa pili. Kiti chake ni cha plastiki, cha watoto, kimefungwa juu ya ubao, na fundi wa mtaani kwetu akakitia kibao cha kukanyagia ili miguu iguse. Tuliyoyaandika nyumbani ndiyo aliyoyafanya vipimo. Penseli yake imepitishwa katikati ya kipande cha ndara. Mwalimu wake wa darasa aliokota ndara kuukuu ya buluu, akakata donge la ukubwa wa limau, akalitoboa kwa msumari uliotiwa moto, akasukuma penseli ndani. Mkono wa kushoto wa mwanangu, ambao ndio wenye nguvu kidogo lakini hauwezi kubana kitu chembamba, unalishika donge lile vizuri, na ile ndara imeanza kuingia mashimo madogo pale kidole gumba kinapokaa. Wazo hilo halikuwa la mtetezi, wala halikuwa langu. Ila katika mpango ulioandikwa kulikuwa na mstari unaosema kwamba mwalimu wa darasa atajaribu njia za kumsaidia kushika kalamu na kutupa habari kila baada ya wiki mbili, na nadhani mtu aliyeandikiwa kazi huifikiria hata akiwa njiani kurudi nyumbani.

Mpango huo, ambao walimu huuita IEP na ambao huandikwa kwa ajili ya mtoto mmoja peke yake, una malengo manne kwa muhula. Mimi nilitaka kumi na moja, Mwalimu alikataa. Lengo mojawapo lilikuwa kwamba kufikia mwisho wa muhula mwanangu ataandika herufi tatu za mwanzo za jina lake kwa mkono wa kushoto, akishikiwa karatasi tu. Aliandika mbili. Kwenye kikao cha mapitio nilitaka tuandike kwamba anaendelea vizuri, maana nilimwonea huruma mwalimu wake, lakini Mwalimu aliandika "mbili" na tarehe. Muhula uliofuata aliandika tano.

Alitueleza pia kwamba mtaala wa umilisi una njia nyingine, ya wanafunzi wasiofuata gredi kwa umri bali kwa hatua, kuanzia hatua ya msingi na ya kati hadi matayarisho ya ufundi na ufundi wenyewe. Hakutusukuma huku wala kule. Alisema tu kwamba tuijue ipo, tusije tukaambiwa siku moja kwamba mtoto hana pengine pa kwenda.

Nimewauliza wazazi wengine watatu wanaohudumiwa naye, ili mapitio haya yasiwe ya mtu mmoja. Baba mmoja wa upande wa Mambrui ana binti mwenye kifafa ambaye kila alipoanguka darasani alirudishwa nyumbani kwa bodaboda, na wakati mwingine akakaa wiki nzima. Watoto wenzake walikimbia. Mwalimu mmoja alikuwa akimtia kijiko mdomoni. Mwalimu wetu, yaani mtetezi, hakuandika barua yoyote ya malalamiko. Aliomba nusu saa na walimu wote wa shule, akaenda na muuguzi, na wakatoka na karatasi moja iliyobandikwa nyuma ya mlango wa darasa: ondoeni vitu vigumu karibu naye, mlazeni ubavu, msimtie chochote mdomoni, msimshike kwa nguvu, tazameni saa, na degedege likizidi dakika tano apelekwe hospitali, likiisha apumzike, kisha arudi darasani. Yale maneno "arudi darasani" baba yake aliyarudia mara mbili aliponieleza. Katika kaunti hii ya Kilifi, ambako watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wamechunguza kifafa cha watoto kwa miaka mingi na ambako bado wengi wetu tumelelewa tukiambiwa ni nyuni au pepo, karatasi kama hiyo ingefaa ibandikwe nyuma ya kila mlango.

Kazi hii kwa jina hili ilikomaa Marekani, baada ya sheria ya mwaka 1975 iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya umma ya bure inayomfaa, na mpango wa maandishi unaopangwa mzazi akiwa kikaoni. Mzazi asiporidhika kule anaweza kudai shauri lisikilizwe rasmi na mtu asiye wa upande wowote. Hapa kwetu hupandi haraka hivyo. Kuna mwalimu mkuu, kuna bodi ya shule, kuna mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kuna bodi ya elimu ya kaunti, na mwisho kuna baraza la rufaa za elimu lililoundwa na ile sheria ya 2013. Mwalimu humchorea kila mzazi ngazi hiyo siku ya kwanza, na humwambia asiruke hata kipandio kimoja, kwa sababu akiruka atarudishwa chini kuanza upya. Mimi sikuvuka cha pili.

Nije kwenye kasoro, maana zipo na zimenigharimu. Kubwa ni kwamba yuko peke yake. Barua yangu ya pili, ya kuomba reli ya kushikia chooni, iliahidiwa Alhamisi ikaja baada ya wiki mbili na nusu, shule zikiwa zimefungwa, na mwanangu akakaa muhula mwingine akishikwa na mtoto mwenzake kila anapokwenda haja. Simu yake huita bila kupokelewa siku za mikutano, na hana mtu wa kuipokea. Mara moja alinishauri vibaya: kabla ya ile barua ya kwanza alitutaka tutazame kitengo maalumu cha shule nyingine, tukatazama, tukasubiri, na muhula ukapita kabla ya kujua kwamba kitengo kile hakikuwa na nafasi. Alikiri kosa hilo mbele ya mume wangu na hakututoza kwa kazi ya muhula ule. Sikulisahau, lakini nimelihesabu kwa upande wake.

Lugha ya ishara haijui vya kutosha kuongoza kikao, na mzazi kiziwi itambidi aje na mkalimani wake. Shule za binafsi hazipendi kazi yake, na yeye mwenyewe husema wazi kwamba huko ana nguvu kidogo. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na fedha za Inua Jamii, ule msaada wa serikali kwa wasiojiweza, si kazi yake pia. Atakuelekeza hospitali ya kwenda kupimwa na fomu ya kuchukua, kisha utaendelea mwenyewe. Kitu kimoja ninachotamani angekifanya ni kuwakutanisha wazazi wake mara moja kwa muhula. Tunakutana ngazini kwake, mmoja akishuka na mwingine akipanda, tukiwa na mengi ya kuambiana na watoto mabegani.

Kuhusu malipo: kikao cha kwanza ni bure. Kufungua faili nililipa shilingi 500. Kila kikao cha shule anachohudhuria ndani ya mji ni shilingi 1,500, na nje ya mji unamwongezea nauli. Barua hatozi. Mzazi asiye na uwezo huelezana naye, na najua mmoja wa Ganda aliyemlipa kwa maembe msimu wa maembe. Kwangu mimi, kwa vikao vinne hadi sasa, jumla ni shilingi 6,500, ambazo ni chini ya nilizozimaliza kwa nauli za tuktuk katika miaka ile mitatu ya kuzungushwa.

Kwa kuwa hakuna leseni ya kazi hii hapa kwetu, na hata Marekani hakuna leseni ya taifa, yeyote anaweza kujiita mtetezi. Mzazi amwulize mtu huyo amefundisha wapi na kwa miaka mingapi, na barua zitakuwa na sahihi ya nani. Akikuahidi nafasi kabla hajamwona mtoto, au akikutaka umpe fedha za "kumwona" mkubwa fulani, toka. Mzazi ambaye tayari anaelewana na shule ya mtoto wake hamhitaji mtetezi yeyote. Kinachomfaa ni daftari tu, aandike tarehe na yaliyosemwa. Mwenye kumhitaji ni yule aliyekaribishwa kiti mara tatu akatoka bila kitu. Na mtahiniwa anayekaribia mtihani wa gredi ya sita asichelewe, kwa kuwa maombi ya muda wa ziada au ya karatasi ya maandishi makubwa hupitia shuleni na hutaka ripoti ya tathmini iwe tayari.

Mwalimu yuko ofisini Jumanne na Alhamisi, saa tatu asubuhi hadi saa saba. Mzazi aende na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitabu cha kliniki, ripoti yoyote ya shule iliyopo, na zile kurasa mbili. Jengo halina lifti na ngazi ni nyembamba, jambo ambalo halifai kwa ofisi ya aina hii na yeye mwenyewe amekuwa akitafuta chumba cha chini tangu mwaka jana. Mwenye mtoto wa kiti cha magurudumu, au mtoto mzito wa kubebwa, asihangaike kupanda: asimame kwenye kibaraza cha duka la vitambaa lililo chini, ampigie simu, naye atashuka na faili lake na viti viwili.